Mnyaa na Seli Zisizokufa

Ngao, huku kwetu karibu na Garsen, mtoto hufunzwa kuuogopa mnyaa kabla hajafunzwa kuogelea. Ni ule mti wa vijiti vya kijani unaopandwa kuwa ua. Ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukikuingia machoni, aisee, utakiona cha mtema kuni.

Kumbe mti huu una historia ndefu maabarani, na inaanzia mbali na Mto Tana. Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kuona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu wakaenda kusini, kama maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: huu uvimbe mmeuona? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kansa inayofuata joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi zilipona. Pwani yetu haikupona.

Mwaka 1964 huko London, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutoka kwa uvimbe huo. Lakini karibu kila mtu mzima duniani anacho kirusi hicho, kimelala tu. Mbona basi watoto wa huku? Jibu kubwa lilikuwa malaria. Wengine wakauliza: je, kuna kitu kinachokiamsha?

Hapo ndipo mnyaa unapoingia. Miaka ya 1980, Yohei Ito wa Kyoto alitumia seli za mtoto wa Nigeria wa miaka 11, zilizochukuliwa 1963 na ambazo hazijaacha kugawanyika. Kirusi kimelala ndani yake. Akizitilia dondoo za mimea mbalimbali, anatazama kama kitaamka. Kwa mnyaa kiliamka. Utomvu wake una kemikali za jamii moja na zile za mafuta ya krotoni, ambayo watafiti walikuwa wakiyapaka panya tangu miaka ya 1940: peke yake hayaanzishi kansa kirahisi, ila ngozi ikishaguswa na sumu nyingine, uvimbe unachipuka. Ni kama petroli, haiwashi moto lakini ikiukuta!

Kisha 1991, jarida la Lancet likachapisha kazi ya Wajapani wengine: seli za damu zilizopewa kirusi pamoja na mnyaa zilionyesha kromosomu ya 8 iliyokatika na kuungana vibaya, dalili ileile ya kansa ya Burkitt.

Mzee mmoja nilipomsimulia haya aliniuliza, "Sasa mwanangu, tuung'oe?" Swali zuri. Sahani ya maabara si mtoto. Haina ngozi wala ini, na hakuna anayeoga kwa utomvu. Mimi ningeanza na chandarua. Lakini kuna wanaoutia kwenye jino linalouma au kwenye chunjua, na hao ningewaambia waache leo.

Yule mtoto wa Nigeria, seli zake bado zinauzwa kwa maabara kote duniani, kwenye vichupa vilivyogandishwa, na kirusi kimo ndani kimelala.