Ndege na Mfuko wa Serikali katika Fizi na Baraka

Historia ya usafiri wa anga katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika haikuanza na abiria. Ilianza na vita. Mnamo 1916 Wabelgiji walileta ndege za majini aina ya Short, zilizosafirishwa vipande vipande hadi karibu na mlango wa mto Lukuga, mahali ulipo sasa mji wa Kalemie. Juni mwaka huo ziliushambulia kwa mabomu mji wa Kigoma, zikiilenga meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ile ile iliyokuja kuitwa Liemba. Gharama za kazi hiyo hazikutarajiwa kurudi kwa nauli. Hesabu ya faida na hasara huanza pale ndege inapotakiwa kumbeba mgonjwa, mwalimu au gunia la ndagala.

Hali hiyo ilijirudia mwaka 1965. Fizi na Baraka zilikuwa ngome ya waasi wa Simba, na Ernesto Che Guevara aliyevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili alikaa katika milima hiyo hadi Novemba. Ndege za T-28 na B-26 zilizowashambulia zilirushwa na Wakuba waliohama nchi yao, wakigharamiwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwezi Septemba mamluki wa Mike Hoare waliivamia Baraka kutoka ziwani. Miaka miwili baadaye chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kikaanzishwa, na milima ya Fizi ikabaki nje ya mkono wa Mobutu kwa muda mrefu. Katika Kiswahili cha wazee neno ndege lilikuwa pia na maana ya dalili ya heri au shari. Kwa watu wa mwambao huu, ndege ya chuma ilikuwa ndege mbaya.

Mamlaka ya viwanja vya ndege nchini, ijulikanayo kwa kifupi cha Kifaransa RVA, iliundwa mwaka 1972. Ifahamike kwamba mapato ya mamlaka ya namna hii hutokana na kutua kwa ndege na idadi ya abiria, ilhali gharama za kiwanja hazifuati idadi hiyo. Kiwanja cha udongo kinachopokea ndege mbili kwa juma hufyekwa nyasi sawasawa na kinachopokea ishirini. Mvua ikikata mifereji katika njia ya kurukia, ni lazima ifukiwe hata kama hakuna aliyekata tiketi. Mlinzi naye hulipwa ili mbuzi wasikatize. Kwa hiyo kiwanja kidogo hakiwezi kujilipia, na anayengoja kijilipie kwanza ndipo akitengeneze atangoja daima. Tangu 2009 kila abiria nchini Kongo hutozwa ada ya Go-Pass, iliyoanza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, kwa ajili ya kuendeleza viwanja. Fedha hizo zinakusanywa walipo abiria wengi, na hapo ndipo mvutano ulipo: je, zirudi huko huko, au ziende pembezoni?

Mataifa mengine yalilijibu swali hilo bila kuona haya. Marekani, ilipoondoa udhibiti wa nauli mwaka 1978, iliweka ruzuku ili miji midogo isiachwe bila ndege. Tanzania nayo ilipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2010, ambao sehemu yake ililenga viwanja vya Kigoma, Tabora na Bukoba. Kigoma iko ng'ambo tu ya ziwa hilo hilo.

Yupo atakayesema kwamba ziwa latosha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: wakimbizi waliorejea Baraka kutoka Tanzania kuanzia Oktoba 2005 walivushwa kwa meli, na hakuna ndege ingeweza kubeba umati ule kwa bei ile. Lakini meli haiwahi na mama mwenye uchungu uliokwama.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 181 cha katiba ya 2006 kinatenga asilimia 10 ya mapato ya taifa kwa mfuko wa kusawazisha maendeleo ya mikoa. Mpango wa maendeleo ya wilaya 145 ulianza na shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, uchaguzi ambao ni vigumu kuulaumu. Kwa upande wa anga, nafasi ya serikali ilishikwa na wageni: ndege za kibinadamu za Umoja wa Mataifa, ambazo hazimchukui mfanyabiashara wa kawaida, na helikopta za MONUSCO, iliyomaliza shughuli zake Kivu Kusini Juni 2024.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Fizi, juu milimani, Minembwe ina kiwanja chake cha udongo. Mwishoni mwa Juni 2025 jeshi la Kongo lilitangaza kuiharibu ndege iliyoingia anga ya Minembwe bila kibali. Kundi la Twirwaneho lilidai kwamba ndege hiyo ilibeba misaada ya kibinadamu.