Kutafuta ubovu: mafundi wa magari wa Lubumbashi

Ufundi wa magari wa Lubumbashi ulizaliwa katika karakana za shaba. Mji huo, ulioitwa Élisabethville hadi 1966, ulianzishwa 1910, mwaka ambao reli kutoka Rhodesia iliufikia, na mwaka uliofuata kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyeyusha shaba hapo. Mitambo ilikuja kwa njia hiyo ya kusini, na baadaye magari. Aliyezoea kunyoosha ekseli za mabehewa ndiye aliyeitwa lori lilipogoma.

Wasalesiani wa Don Bosco walifika 1911, na shule zao za ufundi zikawa mlango mmoja wa kuingilia kazi hiyo. Mlango mkubwa zaidi ulikuwa kampuni yenyewe. Kuanzia 1928 iliacha polepole kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kukaa kambini na familia zao. Mtu wa kudumu ana faida kumfundisha. Mdororo wa miaka ya 1930 ulipokuja, Mzungu alionekana ghali akarudishwa kwao, na kazi nyingi alizozifanya zikapewa Wakongo kwa ujira mdogo zaidi. Katika mji wa Likasi, karakana kuu za Panda zililea vizazi vya mafundi wa mitambo.

Katika karakana ya kampuni, kujua ubovu hasa uko wapi halikuwa jambo la kufa na kupona. Ghala lilikuwa karibu. Aliyeshuku pampu aliifungua akafunga nyingine, na akiwa amekosea, hasara ilikuwa ya kampuni.

Ghala hilo lilitoweka kidogo kidogo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Maduka mengi yaliuza mali iliyokuwepo, kisha rafu zikabaki tupu. Mwaka 1975 vita vya Angola viliikata reli ya Benguela, njia fupi ya kufikia bahari ya Atlantiki, huku bei ya shaba ikiwa imeporomoka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, bado ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Halafu mgodi wa Kamoto ukabomoka 1990, askari wakapora mji 1991, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 uliwatoa kazini zaidi ya watu 10,000. Wapo waliohamishia ujuzi wao uani, chini ya miembe ya Katuba, Kamalondo na Kenya (Kenya hii ni mtaa wa mji, si nchi).

Uani hapakuwa na ghala. Kipuri kilinunuliwa kwa pesa ya mwenye gari, mara nyingi kimoja tu, kwa hiyo ilibidi ubovu ujulikane kwanza. Wapo wanaobahatisha hadi leo, wakibadilisha hiki na kile mpaka mteja afilisike. Lakini wazuri waliunda njia ya kupima isiyogharimu kitu.

Pikapu ya dizeli ya Toyota, aina iliyozagaa mjini, ikiletwa inamisi (silinda moja haifanyi kazi) na kutetemeka, fundi mzoefu hafungui chochote. Huiacha ilale ipoe, kwa sababu injini ya moto huficha mengi, na mji uko juu kiasi cha meta 1,200: asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kweli. Ikiwashwa, moshi mweupe unaonuka mazutu, kama dizeli inavyoitwa Kongo, unaonyesha mafuta yasiyoungua. Wa bluu, oili inayopanda. Mweusi, hewa haitoshi, na hapo filta iliyojaa vumbi jekundu la kiangazi hutazamwa kwanza.

Kisha huja spana. Injini ikinguruma, hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Mafuta yakichuruzika na injini ikayumba zaidi, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Hukaza, huhamia ya pili, ya tatu. Nati ikilegezwa na injini isishtuke, mgonjwa amepatikana. Bado hajui ni nozeli au ni kitu kibaya zaidi, kwa hiyo huhamisha nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani. Ubovu ukihama nayo, mteja atanunua nozeli moja. Ukibaki palepale, tatizo ni vali, ringi au gasketi, na mazungumzo ya bei huanza upya.

Gari likizimika njiani, hufungwa jerikeni juu ya injini na mpira kupelekwa moja kwa moja kwenye pampu. Likienda vizuri, kosa liko nyuma: tangi, mabomba, au maji katika mafuta ya kadhafi, wauzaji wa kando ya barabara. Beringi husikilizwa kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni.

Baada ya sheria ya madini ya 2002, kampuni mpya zilikuja na pikapu mpya. Mitumba ya Japani nayo ilimiminika kupitia Dar es Salaam na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, usukani ukiwa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Pikapu hizo mpya nyingi zina injini ambazo presha ya mafuta huzidi baa 1,000. Kulegeza nati injini ikizunguka ni hatari, kwani mchirizi wa mafuta hupenya ngozi. Kipimo cha spana kimekoma hapo, na kijana mwenye simu na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari amechukua nafasi yake. Kifaa huandika kwamba presha ya mafuta iko chini. Hakisemi kama ni filta, pampu au tangi lenye kutu, na ndipo jerikeni hufungwa tena juu ya injini.