Upakiaji na Ushushaji wa Mitambo Mizito ya Ujenzi: Namanyere na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Upakiaji wa mitambo mizito ni kazi ya kupandisha mashine za ujenzi, kama vile katapila, greda, kijiko na rola, juu ya trela, kuzifunga ili zisisogee njiani, na kuziteremsha salama zifikapo kwenye eneo la mradi. Trela inayotumika kwa kawaida huitwa lobedi, nayo ni trela ndefu yenye sakafu iliyoshushwa karibu na ardhi ili mashine ndefu kwa kimo iweze kupita chini ya nyaya na madaraja. Katika safari nzima, mashine haiwi na uthabiti mdogo kuliko katika mita tatu au nne za kupanda na kushuka, na kwa sababu hiyo uzito wa kazi yote hukaa mwanzoni na mwishoni. Nguvu ya injini huwa si tatizo, kwa kuwa karibu kila mashine ya minyororo ina uwezo wa kupanda mlima mkali kuliko rampu yoyote. Kinachoamua matokeo ni ardhi iliyo chini ya trela na pembe ya rampu yenyewe.

Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, ni mahali ambapo jambo hilo hujidhihirisha vizuri. Mji huo uko juu ya uwanda wa Ufipa, ambao sehemu yake kubwa ina mwinuko wa kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, huku Ziwa Tanganyika lililo magharibi yake likiwa na mwinuko wa mita 770 hivi na bonde la Ziwa Rukwa likiwa limezama upande wa mashariki. Mtambo unaotoka bandari ya Dar es Salaam hupita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, ndipo ukaingia katika barabara ya Tunduma–Sumbawanga yenye urefu wa takriban kilomita 223, iliyojengwa kwa kiwango cha lami chini ya mkataba wa msaada ambao Tanzania ilitia saini na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani Februari 2008. Kutoka Sumbawanga barabara kuu huendelea kaskazini kupitia Chala kuelekea Kizi, Kibaoni na Mpanda. Hadi hapo lobedi haina shida kubwa. Shida huanza inapoiacha lami na kuelekea machimbo ya changarawe, vijiji vya ndani, au mteremko wa kwenda Kirando na Kipili kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika.

Lobedi iliyozoeleka nchini ina sehemu tatu. Mbele iko shingo, ambayo ni sehemu iliyoinuka na kukaa juu ya kichwa cha gari kinachovuta. Katikati iko sakafu inayobeba mashine, ikiwa na kimo cha karibu mita moja kutoka ardhini. Na nyuma, juu ya ekseli tatu au nne, ziko rampu mbili zinazokunjuliwa kwa springi, kwa mkono au kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Ipo aina nyingine ambayo shingo yake hufunguliwa na kuondolewa, sakafu ikalazwa chini kwa mbele, mashine ikaingia kutokea upande huo bila kupanda rampu ndefu. Aina hiyo ni salama zaidi kwa mashine nzito mno, lakini inadai uwanja mpana, ulio sawa na mgumu, kwa kuwa shingo isipopata usawa hugoma kurudi mahali pake; mtu aliyeiona ikifunguliwa kando ya barabara ya changarawe wakati wa masika anaelewa kwa nini wakandarasi wengi huishia kwenye ile ya rampu za nyuma.

Uchaguzi wa mahali pa kupakilia hutangulia kila kitu. Uzito wa mashine unapofika kwenye ncha ya rampu, nyuma ya trela hukandamizwa na mbele hutaka kuinuka, hivyo kichwa cha gari hakifunguliwi, breki zote hufungwa, magurudumu huwekewa kabari, na miguu ya nyuma ya trela, kama ipo, huwekewa magogo au mbao nene chini yake ili isizame. Mvua za Ufipa, ambazo kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hulainisha mabega ya barabara kiasi kwamba upande mmoja wa trela unaweza kushuka sentimita kadhaa mashine ikiwa katikati ya rampu, na mashine iliyoinama upande huanza kuteleza upande huohuo. Mashamba yaliyovunwa nayo yanadanganya. Wafipa wana utaratibu wa kale wa kulima kwa matuta ya duara yanayofukiwa majani ndani yake, na ardhi iliyopinduliwa hivyo, hata inapoonekana kavu na tambarare kwa juu, haina ugumu wa kubeba ekseli za lobedi. Mahali pazuri ni barabara yenyewe iliyoshindiliwa au sakafu ya machimbo, na palipo na ukingo wa udongo mgumu wenye kimo sawa na sakafu ya trela, gari hurudishwa nyuma hadi ukingoni na mashine ikaingia bila kupanda kabisa. Tuta la namna hiyo hujengwa na katapila lenyewe kwa muda mfupi, na inashangaza kwamba miradi inayokaa miaka miwili mahali pamoja haikumbuki kulijenga.

Pembe ya rampu ni hesabu rahisi inayopuuzwa mno. Sakafu yenye kimo cha mita 0.9 ikitumia rampu ya mita 3.5 hutoa mteremko wa nyuzi 15 hivi, na kwa pembe hiyo mashine ya tani 20 huvutwa kurudi chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 5. Msuguano, yaani ukinzani kati ya nyuso mbili zinazogusana, huchukuliwa kuwa kati ya 0.1 na 0.2 chuma kinapokaa juu ya chuma. Hata kwa kipimo cha 0.2 mashine huanza kuteleza yenyewe mteremko unapozidi nyuzi 11. Ndiyo sababu rampu za lobedi huvishwa mbao ngumu au huchomelewa vipande vya chuma vya kukingama, ili meno ya minyororo yapate pa kushika, na ndiyo sababu matope yaliyoganda kwenye minyororo hukwanguliwa kwa koleo kabla ya kupanda. Utingo anayekwangua udongo mwekundu kwa nusu saa huku dereva akitazama saa yake anafanya kazi yenye thamani kuliko kufunga mnyororo wa ziada baadaye.

Hatua ngumu kuliko zote ni pale mashine inapofika juu, nusu ikiwa imepita ukingo wa sakafu na nusu ikiwa hewani juu ya rampu. Kila mashine ina kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wake wote huweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo, na nukta hiyo inapovuka ukingo mashine huanguka mbele kama ubao wa bembea uliohamiwa na mtoto mzito. Opereta mzoefu hupunguza mwendo kabla ya hapo hadi mashine iwe inatambaa tu, akaiacha ilale yenyewe. Hageuzi usukani wala minyororo akiwa juu ya rampu, kwa sababu mnyororo mmoja ukisimama na mwingine ukaendelea, mashine hugeuka juu ya chuma laini na kutoka nje ya njia. Kijiko kina faida ambayo mashine nyingine hazina: mkono wake hunyooshwa mbele na ndoo ikakaa chini juu ya sakafu, ikapokea uzito na kuulaza polepole. Hata hivyo faida hiyo hugeuka kuwa hatari opereta anapozungusha kibanda akiwa bado kwenye mteremko, kwa maana kitovu cha uzito huhama pamoja na kibanda, nacho kilikuwa ndani ya msingi wa minyororo kwa nafasi finyu tangu mwanzo.

Mashine nyingine zina tabia zake. Katapila kubwa la daraja la D8 lina uzito wa karibu tani 38, na blade yake, ambayo ni ubao wa chuma wa kusukumia udongo, huwa na upana wa karibu mita 4, kwa hiyo mara nyingi blade hufunguliwa na kusafirishwa peke yake. Greda, ambalo kwa ukubwa wa kawaida lina tani 14 hadi 16, ni jembamba na hupanda kwa urahisi, lakini kiungo chake cha katikati lazima kinyooshwe na kufungwa kwa pini ili lisijikunje njiani. Kwa umbali mfupi, kama wa kutoka kijiji hadi kijiji katika kazi za kuchonga barabara za vijijini, greda huenda kwa magurudumu yake lenyewe na lobedi ikaachwa kwa mashine zisizoweza kutembea. Rola yenye ngoma laini ni nyepesi kuliko zote hizo, nayo ndiyo inayopaswa kuogopwa zaidi, kwa kuwa ngoma yake ya chuma haina meno, na juu ya rampu yenye umande huteleza bila onyo. Hupandishwa juu ya mbao kavu au mipira mizito, na mtetemo wake huwa umezimwa.

Katika zoezi hilo opereta hufuata ishara za mtu mmoja tu, aliyesimama mbele mahali anapoonekana na nje ya njia ya mashine. Desturi ya kila aliyepo kupiga kelele kulia, kushoto, twende, simama, ambayo huvutia watazamaji wa pembeni, humwacha opereta bila mwongozo wowote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, humtaka mwajiri kulinda usalama wa watu walioko kazini, na maana yake hapa ni kwamba hakuna anayesimama pembeni mwa rampu, hata mwenye nia ya kusaidia kuelekeza mnyororo.

Mashine ikishalala, ndoo, blade na kifaa chochote kinachoinuka hushushwa hadi kigusane na sakafu, breki ya kuegeshea hufungwa na injini huzimwa. Mashine huwekwa ili uzito ugawanyike kati ya shingo na ekseli za nyuma: ikisogezwa mno nyuma, magurudumu ya kichwa hukosa mshiko mlimani, ikisogezwa mno mbele, ekseli za kichwa huzidiwa na mizani huliona. Kisha hufuata minyororo isiyopungua minne, mmoja kila pembe, ikivuta kwa mwelekeo unaopingana na kukazwa kwa vikaza vya mkono. Kanuni za Marekani hutaka jumla ya uwezo wa vifungio isipungue nusu ya uzito wa mzigo, ilhali kiwango cha Ulaya huhesabu kwamba breki ya ghafla husukuma mzigo mbele kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake. Mnyororo wa daraja la 70 wenye unene wa milimita 13 una uwezo wa kazi wa takriban tani 5. Kamba ya manila au nondo iliyopindwa haina nafasi katika hesabu hiyo. Minyororo hukaguliwa tena baada ya kilomita chache za mwanzo, kwa sababu mashine hukaa vizuri kwa mitikisiko na minyororo ikalegea.

Upande wa sheria, Tanzania hutumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019. Sheria hiyo huweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha, tani 18 kwa kundi la ekseli mbili na tani 24 kwa kundi la ekseli tatu. Katapila la tani 38 likijumlishwa na uzito wa kichwa na lobedi huufikia au kuupita ukomo huo, na upana wake peke yake hulifanya kuwa mzigo usio wa kawaida, ambao huhitaji kibali maalumu, bendera nyekundu na gari la kusindikiza. Anayetoka Dar es Salaam hukutana na mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba kabla ya kuingia Rukwa, hivyo hitilafu ya upakiaji hujulikana mapema. Anayehamisha mashine kati ya Sumbawanga, Namanyere na ziwani huenda asikutane na mizani ya kumsahihisha njiani, na mteremko wa kwenda ziwani ndio humsahihisha. Katika mteremko wa asilimia 10 mashine ya tani 20 husukuma mbele kwa nguvu ya tani 2 bila breki kuguswa, na dereva hushuka kwa gia ndogo na breki ya injini ili breki za magurudumu zisipate joto na kupoteza nguvu.

Njia mbadala ya kupakia mtambo mzima ni kuufungua vipande, na mfano mkubwa wa Ziwa Tanganyika ni meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma ikaunganishwa upya. Baada ya hapo meli hiyo ilihudumia kwa miongo mingi bandari za ziwa hilo, zikiwamo za pwani ya Nkasi. Mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ulifuata njia nyingine: mashine zilinunuliwa zikiwa nzima, nyingine kutoka mabaki ya vita huko Ufilipino, na nyingi zilifika zimechoka.

Mashine iliyochoka ndiyo humpa mpakuaji kazi ngumu, kwa kuwa kushusha hufuata kanuni zilezile kwa mpangilio wa kinyume iwapo tu injini inawaka. Minyororo hulegezwa mmoja mmoja, mashine ikiwa imeshawashwa na breki zake zimejaribiwa, na anayefungua hasimami mbele ya kikaza, ambacho hurushwa kikifunguka chini ya mkazo. Mashine hushuka polepole bila kuwekwa gia huru, uzito wake ukibaki upande wa juu wa mteremko. Injini ikiwa imekufa, breki za mashine nyingi za kisasa hubaki zimejifunga kwa springi kwa kukosa msukumo wa mafuta, na fundi huzifungua kwa pampu ya mkono au kwa kulegeza boliti zilizowekwa kwa ajili hiyo. Tangu hapo mashine haina kinachoizuia isipokuwa kamba ya winchi, kwa hiyo winchi hukazwa kabla ya boliti kuguswa, huteremsha mzigo bila kuuachia, na katapila la pili, kama lipo, huegeshwa juu ya mteremko likiwa limefungwa kwa mnyororo wa akiba hadi minyororo ya mashine iliyokufa ikae yote juu ya ardhi.