Deni la Majina Elfu

Mwandishi kuwaomba wasomaji walipie riwaya ambayo haijachapwa si jambo la jana. Mwingereza Frances Burney aliuza riwaya yake ya kwanza, Evelina, iliyotoka mwaka 1778, kwa gini 20 tu. Kitabu kikapendwa mno, na faida ikamwendea mchapishaji. Baadaye akaolewa na mkimbizi wa Kifaransa asiye na mali, wakapata mtoto. Kwa riwaya ya Camilla akawaendea wasomaji wenyewe: kila mmoja atangulize gini moja, na jina lake litachapwa kitabuni. Marafiki zake wakasaidia kukusanya majina. Kitabu kilipotoka mwaka 1796, majina yalizidi 1,000, likiwemo la Jane Austen, binti wa miaka 20 ambaye bado hakuwa na kitabu chake. Haba na haba hiyo ilimjengea Burney nyumba.

Mwaka 2022 Mmarekani Brandon Sanderson alichangiwa kwa intaneti zaidi ya dola milioni 41 kwa riwaya nne. Fedha zimeongezeka, ahadi ni ileile. Orodha ile ya Burney naiona kama hati ya deni: anayepokea fedha kabla ya kitabu anadaiwa na watu wenye majina.