KUMBE GRINIHAUSI ILIANZA KWA SABABU YA TANGO! SAFARI YAKE KUTOKA ROMA MPAKA UANI KWAKO

Siku hizi ukikatiza mitaa ya Dar, Arusha au Nairobi unakuta mtu kasimamisha mirunda na nailoni nyuma ya nyumba, ndani nyanya zimepanda kamba mpaka juu. Wengi wanajua ni mambo ya juzi tu. Kumbe kitalu nyumba kina karibu miaka 2,000, na kilianza kwa mtu mmoja kupenda matango.

Mtu mwenyewe alikuwa kaizari wa Roma, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37. Kwake ilikuwa haipiti siku bila tango, iwe kiangazi iwe baridi. Watunza bustani wake wakaona isiwe tabu. Wakapanda matango kwenye vitanda vyenye magurudumu. Jua likitoka wanavisukuma nje, baridi ikizidi wanavirudisha chini ya fremu zilizofunikwa kwa vipande vyembamba vya jiwe linalopitisha mwanga.

Wazo ndiyo hilohilo mpaka leo. Mwanga unapita, udongo unapata moto, halafu hewa ya moto inakosa pa kutokea.

Shida ilikuwa bei. Kwa karne nyingi Ulaya ilibaki starehe ya wafalme na matajiri. Uingereza ndiyo ilikuwa balaa, maana kioo chenyewe kilitozwa kodi ya serikali kwa uzito, na kodi hiyo ilifutwa mwaka 1845 tu.

Hapo katikati akatokea kijana mmoja, mtoto wa mkulima. Mwaka 1826, akiwa na miaka ishirini na kidogo, aliajiriwa kusimamia bustani ya tajiri mkubwa kule Chatsworth. Hakusomea uinjinia wala usanifu majengo. Alijifunza kwa kujenga, kubomoa na kujenga tena. Mwaka 1836 akaanza jumba la mimea la kioo lililokuja kuwa kubwa kiasi kwamba gari la farasi lilipita ndani. Kulipasha joto kulihitaji boila 8 na mabomba ya chuma ya maili 7.

Baadaye London wakatafuta mchoro wa jumba la maonyesho ya dunia ya 1851. Michoro zaidi ya 200 ilikuwa imeshindwa. Mtunza bustani akaleta wa kwake, ambao kimsingi ulikuwa grinihausi kubwa kupita kiasi, yenye vioo karibu 300,000. Ukapita! Mwaka huohuo akapewa cheo cha heshima na malkia.

Lakini lile jumba la Chatsworth liliishia vibaya. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, makaa ya mawe yakakosekana, boila zikazima, mimea ikafa kwa baridi. Mwaka 1920 likalipuliwa kwa baruti. Halikushindwa kusimama. Lilishindwa kuhudumiwa.

Mlango wa watu wa kawaida ulifunguliwa Marekani. Profesa mmoja wa kilimo kule Kentucky hakuwa na mkwanja wa kununua kioo. Mwaka 1948 akafunika fremu yake kwa karatasi ya plastiki, na mimea ikastawi vizuri tu. Nailoni zote unazoziona uani leo ni wajukuu wa ile ya kwake.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Wazungu walijenga ili joto lisitoke. Ukiiga hivyohivyo Dar unapika nyanya zikiwa bado kwenye mti. Huku kwenye joto, paa liinuliwe juu na liachiwe uwazi wa kutolea hewa ya moto, na pembeni iwekwe neti badala ya nailoni. Neti ndogondogo inazuia inzi weupe na kantangaze, ila mlango ukiachwa wazi siku moja tu, kazi yote imeenda na maji.

Na huduma haina likizo. Vumbi likijaa juu ya nailoni mwanga unapungua, kwa hiyo ioshwe. Penye tundu pazibwe siku hiyohiyo, kabla upepo haujamaliza kazi. Upepo haupigi ndani kama nje, hivyo kamba za nyanya zitikiswe taratibu asubuhi ili maua yachavuke. Udongo nao ukipandwa nyanya msimu baada ya msimu, mnyauko unahamia humohumo na hautoki kirahisi.

Kaizari alikuwa na watumwa wa kusukuma vitanda, tajiri wa Chatsworth alikuwa na boila 8. Wa uani ana ndoo na asubuhi yake. Fremu inajengwa wikiendi moja, lakini nani atafungua, atamwagilia na kukagua siku ukisafiri? Hilo lijibiwe kwanza, nailoni inunuliwe baadaye.