Kongosho na Majimaji Yake Mawili

Miongoni mwa viungo vya ndani ambavyo mwenyeji wa Unguja huvijua kwa majina tangu utotoni, kwa kuwa huviona juu ya meza za wauza nyama wa Darajani, yaani moyo, ini, figo, bandama na matumbo, kongosho aghalabu haimo. Wala si kwa sababu mnyama hana, bali kwa sababu imejificha nyuma ya tumbo, imelala kwa upana kuielekea bandama, laini, urefu wake katika mtu mzima ukiwa kiasi cha sentimita 15. Wayunani wa kale waliiita kwa neno lenye maana ya nyama tupu, na Waarabu wakalichukua neno hilo hilo wakalitamka bankriyasi. Sisi, ambao kwa Waarabu tumekopa dawa, tabibu, homa, afya na maradhi pasi na haya yoyote, hapa hatukukopa. Vitabu vya biolojia vya skuli vinasema kongosho, na neno hilo limetulia. Tatizo la istilahi halimo katika jina la kiungo, bali katika majina ya vitu vinavyotoka ndani yake.

Kazi yake ya kwanza ni ya usagaji wa chakula. Mtu aliyefuturu kwa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, chakula chake kikishatoka tumboni, huingia katika mwanzo wa utumbo mwembamba kikiwa kikali kwa tindikali. Na hapo ndipo kongosho humimina, kwa mfereji unaokutana na mfereji wa nyongo, majimaji yapatayo lita moja na nusu kwa siku, yenye chumvi ya jamii ya magadi ya kuizima tindikali hiyo, na yenye amilesi kwa ajili ya wanga wa muhogo, lipesi kwa ajili ya mafuta ya tui, na tripsini kwa ajili ya protini ya samaki. Tripsini hii si kitu cha kuchezewa, kwani haibagui baina ya nyama ya samaki na nyama ya kongosho yenyewe. Kwa hiyo hutengenezwa ikiwa imelala, isiamshwe ila imekwisha kufika utumboni, na ikitokea kuamka kabla ya wakati wake, kongosho huanza kujila, na mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya tumbo yapenyayo hadi mgongoni.

Kazi ya pili haipiti mferejini kabisa. Mwaka 1869 Paul Langerhans, angali mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, aliona kwa hadubini mafungu madogo madogo ya seli yaliyojitenga na wenzao, asijue yana kazi gani. Leo huitwa visiwa vya Langerhans, idadi yake hufika kiasi cha milioni moja, na uzito wake wote hauzidi sehemu mbili katika mia za kongosho nzima. Humo hutoka insulini, iamuruyo sukari ya damu iingie katika misuli na kuwekwa akiba inini, na glukagoni, ambayo katika mchana wa Ramadhani huliamuru ini liitoe akiba hiyo, ubongo wa mfungaji usije ukakosa sukari. Zote mbili hutiwa katika damu moja kwa moja. Ni mfano wa zile nyumba za Mji Mkongwe zenye duka linalotazama njia, na mlango mwingine wa wenye nyumba: bidhaa za dukani hazitokei mlango huo.

Sasa tuziangalie istilahi. Kile kipitacho mferejini tumekiita kimeng'enya, jina ambalo msikilizaji hulielewa kwa kulisikia tu, nami naliona bora kuliko hilo la Kizungu, ambalo asili yake ya Kiyunani inahusu chachu. Kile kipitacho katika damu, wengine hukiita homoni, na wengine wengi, hasa katika mawaidha ya afya, hukiita kichocheo. Tafsiri hii haina kosa la lugha. Ernest Starling, Mwingereza aliyelileta neno homoni katika elimu mwaka 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Na mfano wake bora ulikuwa sekretini, aliyoigundua pamoja na William Bayliss mwaka 1902, ambayo hutoka katika utumbo na kuiamrisha kongosho imimine majimaji yake. Taabu ni kwamba wanakemia nao hukiita kichocheo kitu chochote kiharakishacho badiliko la kikemia chenyewe kisipotee, na kwa maana hiyo kimeng'enya ni kichocheo halisi. Basi mwanafunzi akisoma kwamba kongosho hutoa vichocheo, neno moja limemfunikia kazi mbili, naye hana njia ya kubainisha ipi inakusudiwa.

Atakayesema kwamba huu ni ugomvi wa maneno matupu na aizingatie historia. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapatwa na kisukari; ikawa dhahiri kwamba humo mna kitu kinachoitawala sukari. Lakini kwa zaidi ya miaka 30 waliojaribu kukitoa walishindwa kupata dawa ya kutegemewa, na sababu waliyoishuku ni kwamba walipoisaga kongosho, vimeng'enya vyake viliiharibu ile homoni waliyokuwa wakiitafuta. Frederick Banting na Charles Best, mjini Toronto mwaka 1921, waliifunga mifereji ya kongosho za mbwa ili seli za vimeng'enya zinyauke na visiwa vibaki (baadaye ikaonekana kwamba alkoholi, ikitumiwa ipasavyo, yaondoa haja ya kufunga), na Januari 1922 kijana Leonard Thompson alidungwa sindano ya kwanza. Jina insulini limetoka katika neno la Kilatini la kisiwa, na watu wa Unguja tuna haki ya kulipenda kwa sababu hiyo, hata kama hatukulitunga.

Mjini kwetu mgonjwa husemwa kwamba ana sukari, na akifika daraja ya insulini husemwa kwamba yuko kwenye sindano. Na swali ambalo kila mwenye sindano huuliza ni kwa nini dawa hii isitengenezwe kidonge, hali ya kuwa jirani yake mwenye maradhi hayo hayo anameza vidonge vyake. Jawabu ni kwamba vidonge vya jirani, mathalan metfomini, si insulini, bali ni dawa nyingine ambayo kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi. Ama insulini yenyewe ni protini, na ikimezwa hukutana na vimeng'enya vya tumboni, kisha na tripsini ya kongosho, nayo husagwa kama samaki wa futari. Mweleze mgonjwa huyo kwamba kichocheo huharibiwa na kichocheo, naye atakutazama tu. Mwambie kwamba homoni hii husagwa na vimeng'enya kabla haijaifikia damu, naye atainua mkono wa kanzu aichome sindano yake, akijua kwa nini.