Vyura wa Kihansi: walitoweka porini, wakarejeshwa

CHURA wa Kihansi, ambaye wanasayansi humwita Nectophrynoides asperginis, ni miongoni mwa wanyama wenye makazi madogo zaidi duniani. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Makazi yake yote yalikuwa takriban hekta mbili za nyasi na kuvumwani, zilizoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko ya maji.

Chura huyu ana rangi ya manjano na urefu usiozidi sentimita tatu. Tofauti na vyura wengi, hatagi mayai majini. Huzaa watoto waliokamilika, bila kupitia hatua ya viluwiluwi.

Wakati anagunduliwa, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi, lenye uwezo wa megawati 180, ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika na nyasi zikaanza kukauka. Serikali ilikuwa na mizani ngumu mkononi: taifa lilihitaji umeme, na kiumbe huyu hakuwa na pengine pa kwenda.

Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, zikiwemo za Bronx na Toledo. Kule korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda idadi yao iliongezeka. Hata hivyo, mwaka 2003 walikufa kwa wingi ghafla. Ugonjwa wa kuvu inayoshambulia ngozi za vyura uligunduliwa miongoni mwao, ingawa wataalamu wametaja sababu nyingine pia. Mwaka 2009 shirika la uhifadhi la IUCN lilitangaza kwamba chura huyo ametoweka porini.

Waliokuwa Marekani nao walipungua hadi chini ya mia moja kabla ya watunzaji kufaulu kuwazalisha. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura walianza kuachiliwa tena Kihansi. Hata huko, uhai wao unategemea mabomba yaleyale.

Kisa hiki kina funzo kwa wakazi wa Nakuru na Bonde la Ufa. Mito Njoro na Makalia, inayoingia Ziwa Nakuru, huanzia msitu wa Mau, ambao sehemu yake kubwa ya mashariki iliondolewa katika hifadhi mwaka 2001. Maji yanapoguswa kule juu, viumbe wa chini ndio huathirika kwanza. Kihansi imeonyesha kwamba uchunguzi wa viumbe hao hauna budi kukamilika kabla ya ujenzi, maana kuwarejesha baadaye huchukua miaka mingi na gharama kubwa.